Mtoto Yuko Darasani, Hajui Kusoma: Kazi Inayowasubiri Vijana wa Moshi

Shikamooni wazee wangu na walimu mlioko mbele. Vijana, habari za mchana.

Niende moja kwa moja. Kila vijana wakikutana kuzungumzia kujitolea shuleni, swali la kwanza huwa lile lile: tuchangie nini? Madaftari, ndoo za rangi, viatu, mipira. Ni vitu vyema, anayeweza kutoa atoe. Lakini nimelisema hili Arusha, nimelisema Himo, na leo nalirudia hapa Moshi: kilichopungua zaidi kwenye shule zetu za msingi si rangi ya ukuta. Ni mtu wa kukaa na mtoto mmoja dakika tatu na kumsikiliza akisoma.

Tufanye hesabu. Mwalimu mwenye watoto 80 akitaka kumsikiliza kila mmoja dakika tatu tu, anahitaji dakika 240. Hizo ni saa nne, vipindi sita vya dakika arobaini, na hapo bado hajafundisha chochote, hajasahihisha, hajamtuliza anayelia. Kwa hiyo anafanya linalowezekana: anaonyesha ubaoni kwa fimbo ndefu, darasa zima linaitikia. Ba, be, bi, bo, bu. Inapendeza kusikia. Na ndani ya sauti ile kubwa kuna watoto wanaofuata midomo ya wenzao tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wanafika darasa la nne.

Najua kuna anayesema moyoni, "elimu ni bure sasa, tatizo limekwisha." Ada na michango ya lazima viliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na Januari 2016 watoto wakafurika darasa la kwanza nchi nzima. Ni jambo kubwa, na mzazi aliyekuwa anakopa kulipa mchango wa shule analijua kuliko mimi. Lakini mlango ukifunguliwa haraka, ndani huwa hapajawa tayari. Tuliliona pia baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipojipa mpaka Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa mafunzo huku wakifundisha. Wako wanaowabeza walimu hao wa UPE, yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, mpaka leo. Mimi siwabezi. Wengi waliopo ukumbini humu, au wazazi wao, walishikwa mkono na mwalimu wa aina hiyo.

Na kabla ya hapo, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kwanza, na Kilimanjaro ilikuwa mojawapo, pamoja na Upare. Nani aliyefundisha? Wengi walikuwa ni watu wa kawaida waliojua kusoma, wakifundisha majirani zao. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye makundi, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanatoka kuchimba choo. Viongozi wa makundi walipewa mafunzo ya siku chache tu. Basi kijana wa kidato cha sita asiniambie "mimi sijasomea ualimu." Hakuna anayekuomba ushike darasa. Unaombwa usikilize watoto wanane.

Sasa nielekeze kazi yenyewe, na hapa nitakaa sana.

Jambo la kwanza ni kujua nani hasomi. Usiulize darasa "nani hajui kusoma?" Hakuna mtoto atakayenyoosha mkono. Kaa naye mmoja mmoja barazani, mahali ambapo kila mtu anawaona, na karatasi moja yenye sehemu nne: silabi kumi, maneno kumi ya silabi mbili, aya ya sentensi nne fupi, na hadithi ya sentensi kama kumi yenye maswali mawili chini yake. Anza na aya. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Ikimshinda, rudi kwenye maneno. Yakimshinda, rudi kwenye silabi. Andika alipoishia. Dakika tatu mpaka tano zinatosha, na usimsahihishe wakati unampima. Ukianza kumfundisha hapo, hutajua alikuwa anajua nini.

Na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mtoto wa darasa la tatu anakufungulia kitabu, anasoma ukurasa mzima bila kukwama: "Juma ana mbuzi. Mbuzi anakula majani." Unafurahi, unaandika "anasoma." Tazama kidole chake. Kidole kiko kwenye *majani*, mdomo unasema *mbuzi*. Ule ukurasa ameukariri kwa kuusikia, na picha ya mbuzi pale juu inamkumbusha mstari. Funika picha kwa kiganja. Mwonyeshe neno la tatu kwenye mstari wa pili, kisha la kwanza kwenye mstari wa mwisho. Kisha mwandikie kwenye karatasi safi neno lisilokuwapo duniani, *fuleki*. Anayejua kusoma atalisoma na kukuuliza fuleki ni nini. Aliyekariri atatazama dari. Huyo wa dari ndiye tuliyemfuata, na kwenye daftari la maendeleo mara nyingi ana maksi za kutosha, kwa sababu ana akili sana. Kukariri kitabu kizima bila kujua kusoma ni kazi ya mtoto mwenye akili.

Ukishapima, panga makundi kwa kiwango. Usiyapange kwa darasa. Wa darasa la tatu na la nne wanaoishia kwenye silabi wakae pamoja, wanane, wasizidi kumi. Wakizidi hapo unarudi kule kule kwenye kuitikia. Makundi yapewe majina ya miti au ya mito. Yasiitwe la kwanza na la mwisho, wala msithubutu kusema "wale wasiojua" mbele yao.

Kadi za silabi mtengeneze wenyewe. Karatasi kubwa ya manila ukiikata vipande vya sentimita 7 kwa 10 inatoa kadi kama 60. Irabu tano, na konsonanti za kawaida pamoja na *ch* ukizizungusha na irabu zote, zinakaribia kadi mia moja. Manila mbili zinatosha, na zinazobaki weka *mba, nda, nya, dha, ng'o*. Andika kwa herufi ndogo, kwa makapeni nyeusi. Herufi kubwa na rangi rangi zinapendeza machoni tu. Kitabu cha mtoto hakijaandikwa hivyo.

Msianze na *ba* mkaenda mpaka *za* kwa mpangilio wa alfabeti. Anzeni na m, k, t, l na b. Ni silabi 25 tu, lakini kwa hizo mtoto anasoma mama, kaka, bibi, babu, kuku, bata, kiti, meli, mate, lala, kalamu, kabati, tikiti. Wiki ya kwanza tu ameshasoma neno *kabati* mwenyewe, na mtoto akishasoma neno refu namna hiyo bila kusaidiwa, kesho yake anakuwahi getini.

Kosa jingine ni letu sisi watu wazima. Unamwonyesha mtoto *ba* unamwambia "bii, ei." Siku hizi watoto wengi wamepita chekechea za Kiingereza miezi michache, wakaishia kujua majina ya herufi kwa Kiingereza na hawajui sauti ya hata moja. Unamwonyesha *bata* anakwambia "bii-ei-tii-ei" na anasimama hapo hapo. Hana pa kwenda. Kiswahili kinasomwa kwa sauti. Mpe silabi nzima: ba. Ta. Bata. Majina ya herufi yatakuja baadaye.

Kisha kuna mahali panapokwaza hata anayeendelea vizuri. Kwenye *mtoto*, ile *m* ni silabi peke yake: m-to-to. Kwenye *mbuzi*, inashikana na *bu*: mbu-zi. Msipomwonyesha tofauti atasoma "mubuzi" na mtamcheka bure. *Ngoma* na *ng'ombe* vilevile. Ile ritifaa, alama ya (') juu, si pambo, na chati nyingi zilizochorwa ukutani na watu wa kujitolea zimeiacha, zimeandika "ngombe". Mtoto anasoma kilichoandikwa, anaambiwa amekosea. Na *dh* na *th*: mtoto anayesema "zahabu" nyumbani na mtaani ataandika zahabu. Mpe neno mara nyingi kwa macho na masikio, usimkemee lafudhi yake.

Saa yenyewe iende hivi. Dakika kumi unawasomea hadithi kwa sauti, wao wanatazama kitabu. Ishirini za kadi, wanajenga maneno. Kumi na tano za kusoma sentensi, mmoja mmoja, unasikiliza. Kumi za kuandika maneno yale yale waliyoyajenga, na tano za mwisho wanasomeana wawili wawili. Mara tatu kwa wiki, wiki kumi. Pima tena wiki ya tano, anayevuka ahamie kundi la juu siku hiyo hiyo, asisubiri wenzake.

Kuna mtoto ambaye kadi zitamshinda hata ufanyeje. Kabla hujasema ni mzito, mtazame. Analeta kitabu puani? Anafumba jicho moja? Anageuza sikio moja kila ukisema? Sikio linatoa usaha? Mwambie mwalimu wa darasa, naye aongee na mzazi, mtoto apelekwe kituo cha afya. Kwa macho, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara nzima. Wako watoto waliokaa miaka mitatu kwenye dawati la nyuma wakiitwa wavivu kumbe ubao hawauoni.

Sasa swali la walimu waliopo hapa, maana nawaona: je, hii si kuwapokonya kazi? Ndiyo maana kijana wa kujitolea hashiki mkondo, hatungi mtihani, hajazi daftari la maksi, na hashiki fimbo. Narudia, hashiki fimbo. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na kuna utu. Hakai na mtoto chumba kilichofungwa, hamchukui nyumbani, hampigi picha za kurusha mtandaoni. Mtoto asiyejua kusoma akiwekwa kwenye simu za watu, mtaa mzima umemjua.

Utaratibu wa kuingia ni mfupi. Chagueni shule mnayoweza kuifikia kwa miguu. Anayekaa Pasua asijiandikishe Rau kwa sababu rafiki yake yuko huko. Nauli ya bodaboda ndiyo inayoua kujitolea wiki ya tatu. Pata barua ya utambulisho kwa mtendaji, nenda nayo kwa mwalimu mkuu, naye atamshirikisha Afisa Elimu Kata. Kwenye barua andika siku, saa, darasa, na tarehe ya kumaliza. Usiandike "kusaidia jamii." Mwalimu mkuu amepokea barua za kusaidia jamii mpaka amechoka. Nendeni wawili wawili kwa kila kundi, ili mmoja akiugua watoto wasikute baraza tupu. Muda mzuri ni saa nane na nusu mchana, lakini ulizeni kwanza kama watoto wamekula. Shule isiyo na uji wala makande, mtoto wa saa nane na nusu hasikii silabi, anasikia tumbo. Hapo muombe nusu saa ya asubuhi, au msaidieni kamati ya shule kukusanya mahindi na maharage ya wazazi kabla hamjagusa kadi.

Kalenda mnayo tayari. Waliomaliza kidato cha nne Novemba hawana shule mpaka Julai, muhula wa kwanza wote ni wenu. Kidato cha sita wanamaliza Mei na vyuo vinafunguliwa Oktoba, Novemba. Wasioitwa JKT washike muhula wa pili. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Mwenge na Ushirika mnajua ratiba zenu. Msiahidi wiki kumi ikiwa ya sita ni mitihani yenu. Mtoto akishaachwa katikati mara mbili, wa tatu hamwamini.

Wageni wanaokuja kujitolea hapa mjini kwa wiki mbili tatu, wapeni kusikiliza Kiingereza cha watoto waliomaliza darasa la saba Septemba, wanaosubiri kidato cha kwanza Januari. Hao wanahama kutoka kusoma kwa Kiswahili kwenda kusoma kwa Kiingereza ghafla, na asiye na hela ya matayarisho anaanza nyuma ya wenzake. Silabi za Kiswahili ni zetu.

Nilikusudia kuzungumzia hesabu, na mabinti wanaorudi shule baada ya kujifungua chini ya Waraka wa 2021, ambao nao wanahitaji mtu wa kupitia nao masomo waliyokosa. Muda umekwisha, na mwenyekiti ananitazama. Karatasi za kupimia ziko pale mezani mlangoni, pamoja na daftari la majina. Jiandikisheni kwa kata mnazokaa, wawili wawili, na kila jozi iondoke na manila mbili na makapeni moja. Wasio na jozi wabaki, tuwapange kabla watu hawajatawanyika.