Betri tatu ndani ya boti moja: ununue chaja gani?

Haya, naona mmeshakaa, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo hii maiki haifiki huko. Kwanza niulize, nani hapa amewahi kununua chaja ya boti kwa kuhesabu waya zinazotoka kwa boksi, yaani una betri tatu kwa hivyo unatafuta chaja ya waya tatu, basi, umelipa umeenda? Inueni mikono bila aibu. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Sasa leo tutaongea juu ya hizo waya tatu, manake swali si ziko ngapi, swali ni kama kila waya inajiamulia yenyewe ama zote zinafuata amri moja.

Najua mtu atasema Nairobi haina bahari, boti za nini. Lakini mnajua vile mambo huenda, boti iko Naivasha ama Mbita ama Lamu, lakini vitu vyake vinanunuliwa hapa Luthuli na Kirinyaga Road, na ikiharibika simu inapigwa hapa hapa. Kwa hivyo makosa ya ziwani mengi yanaanzia hapa kwa kaunta ya duka.

Tuchukue boti moja tukae nayo. Boti ya kubeba watalii Naivasha, ina betri ya kustati injini, 70 Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), ile ya kawaida ya risasi yenye maji. Halafu ina betri mbili za AGM, hizo pia ni za risasi lakini zimezibwa huongezi maji, za 100 Ah zimeungwa sambamba, hizo ni za friji, taa, redio, pampu ya maji na ile mashine ya kuonyesha samaki. Mwenye boti anasema nina betri tatu. Mimi nasema hapana mzee wangu, una benki mbili, benki ni betri ama kundi la betri linalochajiwa kama moja. Hizo mbili zilizoungwa nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kwa chaja ni betri moja ya 200 Ah, zinachukua waya moja ya chaja, na tafadhali nyekundu ya chaja iende kwa betri ya kwanza, nyeusi iende kwa ile ya pili, zishikwe kona kwa kona, usifunge zote mbili kwa betri moja, manake ile ya mbali itakuwa inachelewa kila siku mpaka mwishowe inakufa mapema na inavuta mwenzake.

Sasa angalia hizo benki mbili jioni boti ikifika gatini. Ya kustati imetumika sekunde chache tu asubuhi halafu injini ikairudishia, iko karibu kujaa. Ya nyumba, yaani hizo AGM mbili, imelisha friji mchana kutwa, tuseme imefika nusu, inadai 100 Ah. Ukiziweka zote kwa chaja ya waya tatu yenye akili moja, ni kama kuweka sinia moja mbele ya mtoto ameshiba na mwingine ana njaa, chaja inaangalia sinia, haiangalii mtoto. Itapanda mpaka volti 14.4 na kukaa hapo masaa kwa sababu ile kubwa bado inakula, na ile ndogo ya maji iliyojaa zamani itakuwa imeshikwa hapo hapo kwa 14.4 inachemka, inapoteza maji, usiku baada ya usiku. Baada ya miezi unafungua vifuniko unakuta sahani za risasi za ndani zimeanza kuonekana juu ya maji na unalaumu aliyekuuzia betri.

Kwa hivyo dukani uliza hivi: hizi ampea zilizoandikwa ni za kila waya ama ni jumla? Kuna chaja imeandikwa 30, waya tatu, na hizo 30 zinagawanywa. Kuna nyingine imeandikwa 30 na maana yake ni 10 kwa kila waya, kila moja na akili yake, lakini haiwezi kusukuma zaidi ya 10 kwa benki moja hata kama zile zingine mbili zimelala. Na kwa hii boti yetu hapo ndipo kuna shida, hebu tupige hesabu. Friji inavuta kama ampea 4 hivi kwa wastani, chaja inatoa 10, zinabaki 6, na betri inadai 100. Hiyo ni zaidi ya masaa 16 kabla hujafika hata ile hatua ya kujazia polepole, na wageni wanakuja saa moja asubuhi. Lakini 30 zote zikienda kwa benki ya nyumba, toa 4 za friji zinabaki 26, masaa manne hivi ya kusukuma, halafu masaa kadhaa ya kujazia, na alfajiri inakukuta umemaliza.

Mnauliza ampea ngapi ni nyingi sana. Betri ya maji na AGM mimi naenda kati ya asilimia 10 na 20 ya Ah zake, kwa hivyo 200 Ah ni kati ya 20 na 40. Chini ya hapo haijai kwa usiku mmoja, na betri ya risasi isiyojaa inajenga ukoko wa salfeti kwa sahani na huo ukoko ukiwa mgumu hautoki, hata mtu akikuuzia dawa ya kumwaga ndani.

Volti sasa. Hapa wengi wanaruka lakini ndio moyo wa maneno. Betri ya maji inapenda kujaziwa kati ya 14.4 na 14.8, AGM nyingi 14.4 mpaka 14.7, ya jeli inataka chini kidogo, 14.1 mpaka 14.4, ukiizidisha inatengeneza mapovu ndani ya jeli na hayo mapovu hayana pa kutokea. Ikishajaa unaishusha inakaa 13.5 mpaka 13.8. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 ni 14.2 mpaka 14.6 na haihitaji kushikiliwa juu siku nzima. Soma karatasi ya betri yako, si ya jirani. Na zile chaja zina kitufe cha kufufua betri zinapanda 15.5 ama 16, hiyo usiibonyeze kwa lithiamu hata kidogo, BMS, ule ubongo wa ndani unaoilinda betri, itakata, na kama BMS ni ya bei ya kutupa basi haitakata.

Halafu joto. Hizo volti zimeandikwa kwa nyuzi 25. Hapa Nairobi tunajidanganya kwa sababu kuna baridi, unajaribu chaja kwa karakana kila kitu kinakaa sawa, halafu inaenda Lamu inafungwa karibu na injini kwa nyuzi 40. Betri ya risasi ya 12 volti inataka ushushe kama milivolti 24 kwa kila nyuzi moja, kwa hivyo nyuzi 15 za ziada ni 0.36, yaani 14.4 yako inafaa iwe 14.04. Chaja ikiwa na kihisi joto chenye waya kifunge kwa taminali ya betri, kisiachwe kinaning'inia kwa chaja, manake chaja iko kwa kivuli na betri iko kwa moto.

Waya nayo. Chaja iko chini ya usukani, betri ziko nyuma, mita 5. Fundi anafunga waya ya 6 mm za mraba kwa sababu ndiyo alikuwa nayo. Kwenda na kurudi ni mita 10, ampea 30, hiyo waya inakula karibu volti 0.9, chaja inaona 14.4 kwake na betri inaona 13.5, kwa hivyo chaja inaamini imefika kileleni wakati betri bado iko mlimani. Weka 25 mm unapoteza 0.2 tu. Ni bei, najua, lakini bora usogeze chaja iwe karibu na betri na waya ndefu iwe ile ya stima ya volti 240, hiyo ni nyembamba na rahisi.

Eeh, kuna swali hapo, mama sema. *Anauliza kuhusu mota ya umeme ya volti 24.* Sawa, betri mbili za 12 zimefuatana, nyekundu ya moja kwa nyeusi ya nyingine. Hapo chaja ya waya mbili inaweza kuchaji kila moja kivyake bila kufungua kitu, lakini LAZIMA hizo waya ziwe zimetengwa ndani, zisishiriki nyeusi. Zikishiriki, nyeusi ya betri ya juu ndiyo nyekundu ya betri ya chini, umeunganisha betri na yenyewe kupitia chaja, waya inakuwa nyekundu kweli kweli. Pima na multimita kabla, chaja ikiwa haijachomekwa popote, weka ohmu kati ya nyeusi mbili, ikilia usiitumie kwa hiyo kazi.

Kijana wa Homa Bay anasema wavuvi wa omena wanabeba betri za taa nyumbani kuchaji. Sawa kabisa, hao hawahitaji haya yote, chaja ndogo moja yenye kujizima kwa kila betri, na mahali penye hewa.

Na hewa si mchezo wazee wangu. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa cheche moja inatosha. Boti ya injini ya petroli ongeza mvuke wa petroli unaokaa chini kwa tumbo la boti. Ndio maana ile chaja ya garage ya transfoma na vibanio, ile inayonguruma, ni sawa kwa garage mtu akiwa amesimama hapo, lakini kwa boti hapana, haijui kuacha na inarusha cheche. Tafuta iliyozibwa dhidi ya maji, ikiwezekana yenye alama ya IP67, yaani vumbi na maji hayaingii, na iliyoandikwa inafaa mahali penye mvuke wa mafuta.

Angalia pia upande wa stima. Boti zingine zinakuja na chaja za Marekani za volti 120, ukichomeka kwa 240 yetu moshi unatoka kabla hujafunga mlango. Ikiandikwa 100 mpaka 240 uko salama. Chaja ya 30 inavuta kama wati 500 ukihesabu na hasara, jenereta ndogo ya 1 kVA itaibeba, inveta ya wati 300 haitaibeba.

*Mwingine: kwani hakuna njia ya chaja moja ya waya moja?* Iko, na ukiniuliza mimi kwa hii boti ya Naivasha ndiyo ningechagua. Chaja moja ya 30 kwa benki ya nyumba, halafu katikati rilei ya volti, yaani swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe, ikiona volti 13.3 na kuendelea inaunganisha ya kustati, ikishuka 12.8 inaitenga. Gatini chaja inalisha zote, safarini alterneta, ile dinamo ya injini, inalisha zote, friji haiwezi kukuibia betri ya kustati. Bado ya kustati itaonja 14.4 kwa muda, kwa hivyo weka AGM hapo pia, zifanane. Lakini ukibadilisha nyumba iwe lithiamu hiyo rilei itoe, manake lithiamu ikiwa imetulia tu inakaa 13.2, 13.3, rilei haitaona sababu ya kuachia na utaamka zote mbili zimeshuka. Hapo nunua chaja ya betri kwa betri, inayochukua umeme upande wa kustati na kuupeleka nyumba, ambayo pia inailinda alterneta isichomeke, kwa sababu lithiamu inavuta kila kitu unachompa.

La mwisho, bwana wa kofia. *Fyuzi iko wapi?* Kwa nyekundu, karibu na betri kabisa, si karibu na chaja, manake umeme mkubwa uko kwa betri. Kwa chaja ya 30 weka ya 40, na waya iwe imeizidi hiyo fyuzi. Kama una benki mbili basi fyuzi mbili.