Howard Cosell: Mtangazaji Aliyejiigiza Mwenyewe

Asanteni. Niliombwa nizungumzie watangazaji wa michezo walioonekana kwenye filamu. Ni wengi, ila nitabaki na mmoja, Howard Cosell wa kituo cha televisheni cha ABC, Marekani. Huyu bwana hakujisumbua kuigiza: sinema zilipomwita, alikuja yeye mwenyewe na ile sauti yake ya puani.

Alikuwa wakili New York kabla ya kushika maiki, na nadhani ndiyo maana alihoji wanamichezo kama mashahidi kizimbani. Wengi walimchukia. Wenzake walipong'ang'ania "Cassius Clay", jina la zamani la bondia Muhammad Ali, yeye alisema Muhammad Ali, na Ali alipovuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa jeshi, Cosell alimtetea hadharani.

Haya, filamu. Bananas ya Woody Allen, mwaka 1971. Rais wa nchi ya kubuni anatoka ikulu, anapigwa risasi. Anayetangaza ni Cosell, kana kwamba tuko kwenye pambano la ndondi. Anapenya umati hadi kwa rais anayekata roho kwenye ngazi, anamuuliza alijua lini kwamba mambo yamekwisha! (Nacheka kila mara, halafu naona haya.) Mngemweka pale mwigizaji hodari, utani ungepoa. Unachekesha kwa sababu watu walishaizoea sauti hiyo ulingoni.

Sasa njooni Miami, Desemba 8, 1980. Cosell anatangaza mpira wa Kimarekani, Dolphins na Patriots, 13 kwa 13, zimebaki sekunde chache. Patriots wanajipanga kupiga mpira upite kati ya milingoti. Habari imeshamfikia Cosell: John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, ameuawa New York. Cosell alishamhoji Lennon huyo katika matangazo hayohayo mwaka 1974. Akasita, habari kama hii unaitoaje katikati ya mchezo? Mwenzake Frank Gifford akamhimiza aiseme.

Akaanza kwa kuwakumbusha watu kwamba huu ni mchezo tu, ashinde nani, ashindwe nani. Kisha akaeleza, neno moja moja: nje ya jengo alimoishi, risasi mgongoni, amefikishwa hospitali akiwa ameshafariki. Sauti ni ileile ya Bananas, mikato ileile.

Akakiri kwamba ni vigumu kurudi kwenye mchezo baada ya habari hiyo. Mpira ukapigwa, ukazuiwa, wakaingia muda wa nyongeza.