"Mbona huna gari?" Jibu langu kutoka stesheni ya kijijini

Assalaamu alaikum jamaa zangu wa Unguja na Pemba. Leo najibu lile suala lenu, maana kila nikiweka video mnaniandikia: "Dada, miaka yote hiyo Uingereza bado unasimama stesheni? Gari huna?" Najua mmoja atasema najigamba na treni, mwengine atasema nalia njaa. Semeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Hii nyuma yangu ndiyo stesheni yenyewe. Platfomu moja, kibanda cha kujikinga mvua, mashine ya tiketi. Mfanyakazi hakuna, choo hakuna. Asubuhi tuko sisi wa kazini na watoto wa skuli, basi.

Sasa gari. Leseni ya kwetu hapa inakubaliwa miezi 12 tangu uhamie. Baada ya hapo unaanza upya: leseni ya mwanafunzi pauni 34, mtihani wa nadharia 23, wa barabarani 62, na nafasi ya huo wa barabarani unaweza kuisubiri miezi. Bima hatujaigusa, na bima ya dereva mpya ndiyo inayoua. Mimi nahudumia wazee, mshahara wangu naujua, na nyumbani wapo wanaonitegemea. Treni ndiyo ninayoiweza.

Nayo ina mitihani yake. Kuna kadi ya punguzo, ya umri wangu pauni 35 kwa mwaka, inatoa thuluthi ya nauli. Lakini siku za kazi kabla ya saa nne asubuhi, kwa safari fupi ya nauli ndogo kama yangu, haikupunguzii kitu. Mtu wa zamu ya asubuhi atoke nyumbani saa ngapi jamani?

Na hili limeniuma. Mashine ilikuwa imezima, skrini nyeusi. Nikaipiga picha nikapanda, maana kanuni inaruhusu: mashine ikiwa mbovu unakata tiketi mahali pa kwanza utakapoweza. Njiani mkaguzi akaniandikia faini, pauni 100 juu ya nauli. Picha hakutaka hata kuitazama. Nimetoka zamuni miguu inawaka, nasimamishwa mbele za watu kama mwizi! Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi 50, kwa hiyo mwenye hofu hulipa yakaisha. Mimi nimekata rufaa, picha nimeiambatisha.

Pamoja na hayo, stesheni hii naipenda. Mwaka 1963 Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli la huku, alipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe nchini humu, na nyingi za vijijini zikafungwa kweli. Mwenzangu kazini kijiji chao hakina treni, Jumapili basi haliendi, zamu ya siku hiyo hulipia teksi. Mimi nilipotafuta nyumba nilitazama reli kwanza, kwa sababu kodi ya mjini siiwezi.

Na mnaosema nawaringia, kwetu treni ilikuwepo tangu 1905, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kilomita 11 hivi. Ikaondolewa, leo watu wa Bububu wanabanana kwenye daladala za 502. Ndiyo maana nikisikia stesheni ina abiria wachache, moyo hunidunda.

Haya ni yangu mimi. Aliye London ana yake, mwenye mume mwenye gari ana yake, na wa zamu za usiku treni haitamfaa, huku ya mwisho hupita mapema. Msihame kwa sababu ya video yangu. Jibu la rufaa likifika nitawasomea, liwe zuri liwe baya.