Mali ya Mjerumani isiyohitaji jembe

Haya jamani, mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo.

Nani hapa hajawahi kusikia stori za mali ya Mjerumani? Naona mnacheka. Kila sehemu kuna mzee anaujua mti ambao Wajerumani walifukia rupia, hela za enzi zao, na watu wanachimba wee wanaambulia shimo. Sasa mchezo wangu mimi unafanana na huo, ila kuchimba marufuku na kufukia marufuku, halafu kitu chenyewe kipo kweli.

Unaitwa jiokashingi: mmoja anaficha kopo, anatoa namba za mahali lilipo, wengine wanalitafuta kwa GPS, ile mitambo ya angani inayokuonyesha ulipo. Mei 2000 mwanzoni Marekani waliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS kwa sisi raia, maana zamani kimashine cha GPS cha mkononi kilikuwa kinakupoteza hata mita 100. Jamaa mmoja wa jimbo la Oregon huko huko, Dave Ulmer, hata hakulaza damu, tarehe 3 kabeba ndoo nyeusi kaenda kuificha porini Beavercreek, ndani kaweka vitabu, hela kidogo, manati na kopo la maharage, kisha karusha namba za mahali kwenye intaneti na sharti moja, ukichukua kitu acha kitu. Siku 3 hazijaisha jamaa mwingine, Mike Teague, kaipata. Maharage jamani! Siku hizi chakula hakiruhusiwi kabisa, wanyama wananusa wanatafuna kopo na daftari lake la kusaini walioliona.

Namba zenyewe zisiwatishe. Hapa Dar tupo kama digrii 6 na dakika 48 kusini mwa ikweta, dakika hapa siyo ya saa, ni digrii moja ukiigawa mara 60, na dakika moja kwenda kusini ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo ukiandika dakika na tarakimu tatu baada ya nukta unafika kwenye mita 2 hivi. Hiyo ni kwenye karatasi lakini! Nenda katikati ya maghorofa ya Kariakoo uone, mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndo yanakufikia, mshale kwenye simu unaruka kama panzi. Simu inakufikisha jirani tu, zile hatua kumi za mwisho ni macho yako na akili yako, na utamu wote uko hapo.

Mi mwenyewe nilificha kopo kule Pugu wakati wa kiangazi, nimerudi baada ya masika nyasi zimenifika kifuani, saa nzima natafuta kitu nilichoficha mwenyewe! Kijana wa bodaboda aliyenileta kaniangalia weee mwisho akauliza, "Mzee, rupia?" Nikamweleza. Hakuuliza namba hata moja, akaniuliza, "Siku ile unaficha, ulikaa wapi?" Nikakumbuka nilikaa kwenye mzizi nikafunga kamba za kiatu. Tukatafuta mzizi badala ya kopo, dakika mbili tu, lile pale. Akafungua, akaandika jina lake kwenye kidaftari kwa mwandiko wa kujidai, akachukua gololi, akaacha kishika funguo chake. Njiani kurudi kabla hata hatujafika lami ananiambia, "Mzee, lingine liko wapi?"

Basi na nyie lenu lipo humu humu kwenye uwanja huu, namba nimeandika ubaoni. Ukilipata, saini kidaftari, funika vizuri, rudisha pale pale na usimwonyeshe mwenzio kwa kidole. Na maua ya watu msiyakanyage, mlinzi kashanionya.