Nani Humwita Mwenziwe Mwenye Kiburi

Assalaamu alaykum, wazee wangu, mabibi na mabwana.

Nawashukuru kwa kunialika hapa Chake Chake nizungumzie jambo ambalo Kiswahili hakikuridhika kulipa jina moja. Tunayo fahari, kiburi, majivuno, maringo, kujiona na ujeuri, na kila neno lina mahali pake: maringo yako katika mwendo, na bi harusi husifiwa kwayo, majivuno yako mdomoni, fahari yaweza kuwa ya mji mzima. Kiburi ndicho kizito, nacho ndicho kilichonileta, kwa sababu nimeona kwamba neno hilo mara nyingi hutwambia mengi zaidi juu ya anayelitamka kuliko juu ya anayetupiwa.

Turudi mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuufuta utumwa kisheria katika visiwa hivi vya Unguja na Pemba. Mtumwa alijulikana kwa nguo yake. Mwanamke alijifunga kaniki, ile nguo nyeusi isiyo pambo, na kujitanda kichwani ilikuwa heshima ya waungwana. Walipopata uhuru wao, wanawake wengi waliiacha kaniki na kununua kanga, doti nzima, kwa pesa walizozipata kwa jasho lao. Naomba mkitazame kile kipande cha pili, cha kujitanda. Kwa kukitia kichwani tu, mwanamke aliyekuwa akiitwa mali ya mtu alisema, bila ya kufungua kinywa, kwamba naye ni mtu. Kwake ile ilikuwa fahari. Kwa aliyezoea kumwona na kaniki, bila shaka ilikuwa kiburi.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani na akauza vyungu kabla ya kuimba, aliyaonja hayo. Alipopata jina mjini, wenye choyo walimtungia maneno ya kumkumbusha ile kaniki aliyojia. Alijibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, na kuwa aibu ya mtu ni kukosa akili. Na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake, na Kiswahili chetu, katika santuri.

Dini yetu ilikwisha kutupa mizani ya jambo hili. Mtume (S.A.W.) alipoonya juu ya kibri, mtu mmoja alimuuliza juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Ndugu zangu, jibu hili halikukitia kiburi katika kitambaa wala katika kiatu, nasi kila siku tunakitafuta huko huko. Mtoto wa maskini akivaa vizuri tunasema anajiona, na huku mwenye cheo anayekataa kuulizwa tunasema ana haiba.

Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nililishuhudia. Katika mtaa ninaoishi tulichangishana pesa za pampu ya kisima. Miezi ikapita, pampu hatukuiona. Siku ya mkutano tulikaa barazani, na mwanamke mmoja muuza vitumbua, mikono yake bado ina unga, akasimama akauliza kwa adabu kabisa kama daftari la michango laweza kusomwa mbele ya watu. Mmoja katika wakubwa wetu hakumjibu. Aligeuka kwa waliokaa karibu naye akasema, "Huyu ana kiburi." Watu wakacheka, na yeye akakaa kitako, akawa anaufikicha ule unga vidoleni mpaka mkutano ukaisha. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza.

Haki aliyoiomba ilikuwa ya sote, na aliyeikataa akamdharau mbele ya watu. Mkiipima kwa ile mizani, mtajua kiburi kilikuwa kwa nani siku ile. Yule muuza vitumbua alikuwa na fahari ile ile waliyokuwa nayo wale waliojitanda kanga kwa mara ya kwanza.

Wiki ijayo tunakutana tena kwenye baraza ile. Nimeomba nafasi ya kusema, na swali langu la kwanza ni lile lile lake.