Mpiga mizinga aliyemkatalia Churchill

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Montgomery, yule jenerali wa Uingereza wa vita vya pili, mnamjua nyote. Bosi wake, Alan Brooke, nadhani ni wachache. Nimekuja kumsema huyo.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1883, kwa ukoo wa Ulster huko Ireland, akakulia Ufaransa humo humo akisema Kifaransa kama mwenyeji. Mwaka 1902 akatoka chuo cha Woolwich, walikofundishwa maofisa wa mizinga. Ya India nayaruka.

Twende vita vya kwanza, maana hapo ndipo mtu huyu alipofinyangwa. Kulikuwa na mbinu ya kusogeza moto. Mizinga inashusha makombora mbele ya askari wako, kisha kila baada ya dakika kadhaa yanahamia mbele kidogo, na askari wanayaandama kwa nyuma kama mtu anayefuata mvua. Wakichelewa, adui ameshatoka shimoni na kukalia bombomu lake. Wakiwahi, wanauawa na mizinga ya kwao wenyewe. Brooke aliiona mbinu hiyo kwa Wafaransa, akaitumia kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Aprili 1917 alikuwa miongoni mwa waliopanga moto wa Wakanada pale kilima cha Vimy, Ufaransa: makombora yasogee yadi 100 kila dakika 3. Kazi ya namna hiyo haitaki mori, inataka saa na penseli.

Sasa Juni 1940. Waingereza wengi wameshaokolewa kwa meli kutoka Dunkirk, Brooke amerudishwa Ufaransa kuongoza Waingereza waliosalia. Tarehe 14 simu inalia: waziri mkuu, Churchill. Anataka askari wabaki ili Wafaransa wasijione wametupwa. Brooke anamjibu kwamba jeshi la Ufaransa limeshakufa, na maiti huwezi kuitia moyo. Wakavutana karibu nusu saa, hadi Churchill akakubali waondoke. Brooke mwenyewe akaondoka kwa meli ya uvuvi iliyokuwa imetapakaa mafuta, maana ilikuwa imetoka kuokoa watu wa meli ya Lancastria, iliyozamishwa siku moja kabla.

Desemba 1941 akawa mkuu wa jeshi zima la nchi kavu. Babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma walikuwa chini ya jeshi hilo lake. Wadogo zake ofisini walimwita Kanali Shrapnel, jina la mpiga mizinga mwenzake wa zamani aliyebuni kombora la vipande. Churchill alilalamika kwamba akigonga meza na kumkodolea macho, Brooke naye hugonga kwa nguvu zaidi na kukodoa vilevile. Lakini hakumfukuza, na mimi hilo nampa Churchill.

Ila alimuumiza. Alikuwa amemwahidi uongozi wa kuivamia Ufaransa. Agosti 1943, mjini Quebec, akamwambia kazi hiyo inakwenda kwa Mmarekani. Brooke akameza, akayatapika baadaye kwenye shajara yake.

Baada ya vita pesa zilikuwa haba. Huyu bwana alipenda ndege kupita kiasi, akawa anawapiga picha za filamu. Lakini vitabu vyake vya thamani vya ndege ilibidi aviuze, na akahamia nyumba ya mtunza bustani wake.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama.