Kabla hujatia mafuta gari: maji na samoni wa mto Columbia

Haya shikamooni wazee, vijana mambo. Nimeombwa niongelee samoni wa mto wetu huu Columbia, huku kaskazini-magharibi mwa Marekani, kwa sababu kila Septemba simu yangu haipumui, "samaki wameshafika?", na mimi huwa nauliza, maji yakoje huko? Maana samaki kufika ni kitu kimoja na kukamatika ni kingine kabisa.

Kufika ni rahisi kujua. Pale bwawa la Bonneville, kama kilomita 235 kutoka baharini, lililoanza kazi 1938, samaki wanapanda kwa ngazi ya maji na kuna dirisha la kioo wanapohesabiwa mmoja mmoja, hesabu inawekwa mtandaoni bure. Chinook, yule samoni mkubwa, wa masika ya huku wanaanza kupita Machi na wanakuwa wengi Aprili mwishoni kuingia Mei, sokai, samoni mdogo kidogo, Juni na Julai, stilihedi, trauti anayeenda baharini, wa kiangazi Julai na Agosti, halafu Chinook wa vuli ndio hao mnaonipigia simu. Stilihedi wa baridi wengi wao hata Bonneville hawafiki, wanakata kona mapema kuingia mito kama Sandy na Clackamas, Desemba mpaka Machi hivi.

Waliotoka Kenya mtashangaa, stilihedi ndiye yule yule trauti aliyepandikizwa na wakoloni kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, ila huyu alienda baharini akanenepa ndio akarudi. Samoni wa huku wakishataga wanakufa, stilihedi wengine wanarudi baharini na mwaka mwingine wanapanda tena. Na nyie wa Ziwa Victoria si mnamjua ningu, mvua zikianza anapanda mto kutaga? Basi.

Sasa maji. Samaki huyu akishaingia mtoni haendelei kula kama alivyokuwa baharini, anaishi kwa mafuta ya mwili wake, kwa hiyo humtegi kwa njaa, unamchokoza, na ili achokozeke lazima akione chambo. Mvua kubwa ikipiga, mto unakuwa chai ya maziwa, siku hiyo lala. Mvua ikikatika maji yakaanza kushuka na rangi ikageuka kijani, unaona kama mita moja hivi chini, aisee hapo omba ruhusa kazini. Yakikaa muda bila mvua yanakuwa meupe pee na samaki anakuona kabla hujamuona, nenda alfajiri, mshipi mwembamba, chambo kidogo. Vipimo vya mito viko mtandaoni pia, ila usisome namba ya leo peke yake, angalia mstari wa grafu unapanda au unashuka, watu wengi wanachoma mafuta bure hapo tu.

Kiangazi shida ni joto. Maji yakipita digrii 20 samaki anaanza kuteseka, mwaka 2015 sokai karibu 250,000 walikufa humu humu Columbia kwa joto. Stilihedi wanakimbilia pale vijito baridi vinapoingia mto mkubwa, wanajazana, na mwenye tamaa anaona kafika peponi. Baadhi ya sehemu hizo serikali inazifunga, na kwa maoni yangu hata zisipofungwa waacheni, samaki aliyechoka na joto ukimvua ukamwachia anaweza kwenda kufia mbele huko.

Leseni na tagi, ile kadi ya kuandikia samaki uliyemchukua, msisahau. Angalia kale kapezi kadogo ka mgongoni karibu na mkia, kakiwa kamekatwa huyo ni wa kituo cha kuzalisha, stilihedi mwenye kapezi kake ni wa asili, anarudishwa, wala usimtoe majini kwa ajili ya selfi. Na sheria zinabadilika katikati ya msimu, zisome asubuhi ile ile.

Kuna aliyeandika swali kwenye karatasi, mbona wenyeji wa asili, Wahindi Wekundu, wanaruhusiwa nyavu. Ndugu yangu, mwaka 1855 makabila yao ya Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce waliachia ardhi kubwa sana kwa mikataba, wakabakiza haki ya kuvua pale walipozoea, na maporomoko ya Celilo walipokuwa wanavua toka enzi na enzi yalizamishwa tarehe 10 Machi 1957 bwawa la The Dalles lilipofungwa, saa chache tu yakafunikwa. Kwa hiyo mimi na ndoano yangu moja sina cha kulalamika. Tena ukikosa kabisa, Septemba wanauza samaki wao pale mji mdogo wa Cascade Locks, kando ya mto karibu na daraja, beba keshi na boksi la barafu.